Kioo cha Gari Kikikataa Kupanda: Pima Waya Kabla ya Kununua Mota

Mvua za vuli zikianza Pwani, kioo cha gari kilichokwama chini hakiwi tena kero ndogo. Kiti kinalowa, maji yanaingia mlangoni, na gari haliwezi kuachwa nje usiku. Kwa dereva anayebeba abiria kati ya Ukunda na Lunga Lunga, siku ya kioo wazi ni siku ya kiti cha mbele kwenda kitupu.

Hivyo ndivyo mzee mmoja dereva alivyofika katika karakana ya chuo cha mafunzo ya ufundi cha kaunti, kipande cha turubai kikiwa kimebandikwa kwa tepu kwenye mlango wa mbele kushoto. Alikuwa ameshanunua mota ya mtumba. Ikafungwa, na kioo kikabaki vile vile. Fundi wa pili akamwambia mota haikuwa na makosa, kilichokufa ni swichi kuu iliyo kwenye mlango wa dereva, anunue nyingine. Fedha alizobaki nazo zilikuwa za karo ya kijana wake. Akaamua kuwaachia wanafunzi wa umeme wa magari walitazame gari kwanza.

Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 liliviweka vyuo vya ufundi vya vijijini chini ya serikali za kaunti, na mafunzo ya aina hii ndiyo kazi yake ya kila siku. Somo linaloelezwa hapa ni la siku moja ya karakana. Linawafaa wanagenzi, mafundi wa jua kali, na hata mwenye gari asiyeshika bisibisi lakini anayetaka kujua analipia nini.

Andika kwanza, fungua baadaye

Mwalimu hakumruhusu mtu kung'oa jopo la mlango. Alitaka mistari minne kwenye daftari: swichi gani imebonyezwa, upande gani, na kioo kimefanya nini. Injini iliachwa bila kuwashwa, ufunguo ukiwa umezungushwa hadi taa za dashibodi ziwake.

Swichi ya abiria, kushusha: kioo kilishuka vizuri, kwa kasi ya kawaida. Swichi ya abiria, kupandisha: kilitikisika, kikapanda kama vidole viwili, kikasimama. Swichi ya dereva, kupandisha: hivyo hivyo. Swichi ya dereva, kushusha: kilishuka kwa kujikokota. Vioo vya milango mingine mitatu vilifanya kazi bila tatizo. Kati ya jaribio na jaribio, wanafunzi wawili walikisaidia kioo kupanda kwa viganja, mmoja akiwa nje na mwingine ndani, huku wa tatu akibonyeza swichi.

Mistari hiyo minne ilitosha kufuta nusu ya washukiwa. Fyuzi na rilei ya vioo huhudumia milango yote. Kama vioo vitatu vinafanya kazi, hivyo viwili ni vizima. Kitufe cha kufunga vioo vya abiria, kile ambacho dereva hukibonyeza watoto wasichezee madirisha, nacho kilikaguliwa. (Hili si la kuchekwa. Magari yamefunguliwa milango mizima kwa sababu ya kitufe hicho kubonyezwa kwa bahati mbaya.)

Je, mota? Mota ya kioo ina nyaya mbili tu. Chanya ikiingia kwa waya mmoja na umeme ukarudi kwa mwingine, inazunguka upande mmoja. Ukigeuza, inazunguka upande wa pili. Kwa hiyo mota inayoshusha kwa nguvu kwa kawaida inaweza kupandisha pia. Lakini fundi asiruke hapo haraka. Kupandisha ni kazi nzito kuliko kushusha, kwa kuwa mota inabeba uzito wa kioo na kushindana na mpira wa pembeni. Mota iliyochoka inaweza kushusha na kushindwa kupandisha.

Kilichoiokoa mota ya mzee ni mstari wa nne. Kushusha kwa swichi ya abiria kulikuwa kuzuri, kushusha kwa swichi ya dereva kulikuwa kubovu. Mota ni ile ile, kioo ni kile kile, upande ni ule ule. Mota haiwezi kujua ni kidole cha nani kimebonyeza. Ubovu basi uko katika njia ambayo umeme hupita.

Njia ya umeme, kwa chaki

Katika magari mengi ya Kijapani ya muundo wa kawaida, nyaya tatu za kazi ya kioo huingia katika mlango wa abiria, zikipita ndani ya mpira wenye mikunjo ulio kati ya mlango na bodi. Wa kwanza ni waya wa chanya, unaotoka kwenye rilei hadi kwenye swichi ya abiria. Wa pili na wa tatu hutoka kwenye swichi kuu ya dereva. Mwalimu aliziita Waya A na Waya B. Kutoka kwenye swichi ya abiria, nyaya mbili fupi humalizia kwenye mota.

Jambo linalowachanganya wengi ni hili: swichi zote zikiwa zimetulia, nyaya zote mbili za mota zimeunganishwa na athi, yaani upande hasi wa betri, na athi hiyo inapatikana kupitia swichi kuu ya dereva. Swichi ya abiria haina athi yake yenyewe. Abiria akibonyeza, upande mmoja wa mota unaachana na athi na kupata chanya. Upande wa pili unabaki ulipo, nao ndio njia ya umeme kurudi. Ndiyo maana athi ya swichi kuu ikikatika, vioo vyote vinakufa kwa pamoja, na fundi asiyejua hili atafungua milango minne kutafuta kosa lililo katika mmoja.

Sasa mistari minne ikafuatwa ubaoni. Abiria akipandisha, chanya inatoka kwenye swichi yake na umeme unarudi kwa Waya B. Dereva akipandisha, chanya inakuja kwa Waya A na kurudi kwa Waya B. Dereva akishusha, chanya inakuja kwa Waya B na kurudi kwa Waya A. Abiria akishusha, chanya inatoka kwenye swichi yake na kurudi kwa Waya A.

Waya B umo katika safari tatu zilizo mbovu, na haumo katika ile moja iliyo nzima.

Mwanafunzi mmoja alitaka kwenda moja kwa moja kukata mpira wa mlango. Mwalimu akamrudisha ubaoni, kwa sababu washukiwa walikuwa bado wawili. Ndani ya swichi ya abiria kuna kigusio kinachounganisha mota na Waya B swichi ikiwa imetulia, na kigusio hicho nacho kimo katika safari zile zile tatu. Swichi kuu ya dereva ilikuwa mshukiwa wa mbali zaidi: katika kupandisha hutumia kigusio cha athi, katika kushusha hutumia kigusio cha chanya, kwa hiyo ingelazimu viwili viharibike kwa wakati mmoja. Inawezekana. Lakini si mahali pa kuanzia kutumia fedha za mtu.

Kipimo kinachodanganya

Jopo la mlango likafunguliwa. Mwanafunzi wa kwanza kushika multimita alifanya kama wanavyofanya mafundi wengi: alichomoa soketi ya mota, akaweka ncha mbili za kipimo kwenye soketi, swichi ikabonyezwa kupandisha. Multimita ikasoma volti 12.4, sawa na betri. Akapima waya kwa mlio, ukalia. Kwa vipimo hivyo waya ni mzima, umeme unafika, na mota ndiyo mbovu. Bila shaka ndivyo mota ya mtumba ilivyonunuliwa.

Multimita haili umeme. Inavuta kiasi kidogo mno. Waya wenye nyuzi ishirini zilizokatika zote isipokuwa moja bado utapitisha kiasi hicho bila kupoteza chochote. Mota ni kitu kingine. Ikifanya kazi inaweza kuvuta ampea 8 hivi. Sehemu ya waya yenye ukinzani wa nusu omu tu itakula volti 4 kwa ampea 8, na mota itabaki na njaa. Nusu omu hiyo haionekani kwa multimita ya bei nafuu, kwa kuwa nyaya zake zenyewe zinaweza kuonyesha kiasi kinachokaribia hicho zikigusanishwa.

Kwa hiyo soketi ilirudishwa mahali pake, na vipimo vikachukuliwa mota ikiwa imeunganishwa na swichi imebonyezwa. Pini nyembamba ilipenyezwa nyuma ya soketi, kando ya waya. Kutoboa ganda la waya katikati ni njia ya mkato inayolipiwa baadaye, hasa huku Pwani: hewa ya chumvi huingia kwenye kitundu, na baada ya muda shaba inageuka kijani.

Swichi ikiwa imebonyezwa kupandisha, betri ilisoma volti 12.1. Kati ya nyaya mbili za mota kulikuwa na volti 6.3 tu. Volti 5.8 zilikuwa zimepotea njiani. Wapi? Multimita ikawekwa kati ya chanya ya betri na waya wa mota unaopokea chanya: volti 0.5, hasara ya kawaida. Ikawekwa kati ya waya wa mota wa kurudi na hasi ya betri: volti 5.3. Upande wa kurudi, katika gari zuri, hauzidi sana nusu volti.

Kila kipimo kilichukua sekunde tatu au nne, kisha swichi ikaachwa. Kuna sababu. Mota nyingi za vioo zina kinga ya joto ndani yake. Ukizilazimisha muda mrefu zikiwa zimekwama, hujikata zenyewe hadi zipoe. Fundi asiyejua ataona mota imekufa kabisa mikononi mwake na kuandika ripoti ya kifo.

Kilichobaki ni kuigawa njia ya kurudi vipande vipande. Kigusio cha swichi ya abiria kilipimwa pande zake mbili: volti 0.2. Swichi ikaachiliwa huru. Waya B kabla ya kuingia kwenye mpira, upande wa mlango, hadi hasi ya betri: volti 5.0. Likaondolewa jopo dogo la plastiki lililo pembeni mwa miguu ya abiria, na waya huo huo ukapimwa ulipotokeza upande wa bodi: volti 0.4.

Volti 4.6 zilikuwa zinapotea katika urefu wa kiganja cha mkono.

Asiye na multimita anaweza kufika karibu na jibu hilo kwa balbu. Balbu ya breki ya wati 21 huvuta chini ya ampea 2, ni bora kuliko multimita isiyo na mzigo lakini bado ni mzigo mdogo. Balbu ya taa kuu ya wati 55 huvuta zaidi ya ampea 4. Ukiiunganisha mahali pa mota, waya mbovu utaifanya iwake kwa unyonge, na mwanga hauhitaji kusomewa. Tahadhari: njia hii ni ya magari ya mfumo huu wa kawaida. Gari lenye kompyuta ndani ya mlango au mota yenye nyaya nyingi lisijaribiwe kwa balbu wala kwa betri ya moja kwa moja.

Ndani ya mpira

Mpira ulipovutwa nje, nyaya zilikuwa zimekunjika pale pale mlango unapojikunja kila unapofunguliwa. Mlango wa abiria wa gari la biashara hufunguliwa mara nyingi kwa siku, kwa miaka. Ganda la Waya B lilikuwa limepasuka, na shaba imekatika isipokuwa nyuzi mbili zilizokuwa zimegeuka kijani. Waya wa chanya, uliokuwa ubavuni mwake, ulikuwa na ufa mwanzo mwanzo. Mzee akakumbuka kwamba asubuhi nyingine kioo kilipanda vizuri mlango ukiwa wazi, kikagoma ukifungwa. Laiti angelisema hilo mapema! Fundi anayemuuliza mteja lini kioo hufanya kazi hujiokolea saa nzima.

Betri ilitolewa kichwa cha hasi kabla ya kukata chochote. Kwa gari lenye mifuko ya hewa, mwalimu aliwataka wasubiri dakika kadhaa baada ya hapo, kwa kuwa mifumo hiyo hubaki na umeme kidogo.

Kuunga ndani ya mkunjo kwa kuzungusha nyaya na kuzifunika tepu nyeusi kungefanya kioo kipande siku hiyo, na kurudi karakana mwezi wa pili. Waliukata waya mbali na mkunjo pande zote mbili, wakaweka kipande kirefu cha waya mpya wa gari, wenye nyuzi nyingi laini na unene ule ule. Waya wa nyumba wa uzi mmoja mgumu usitumiwe hapa. Haukutengenezwa kukunjwa na utavunjika. Viungo viliunganishwa kwa risasi, vikafunikwa kwa mrija wa plastiki unaonywea ukipashwa moto, na vikapangwa visikae mahali pamoja, ili mpira usivimbe. Risasi huufanya waya uwe mgumu, ndiyo sababu kiungo kikaenda ndani ya mlango na ndani ya bodi, si pale kati. Waya wa chanya ukafanyiwa vivyo hivyo. Waya A ulikuwa mzima lakini ukabadilishwa, kwa kuwa umri wake ni ule ule na mpira ulikuwa umeshafunguliwa.

Kisha mpira ulirudishwa kingo zake zikae sawasawa. Usipokaa, maji ya mvua yatafuata nyaya hadi kwenye soketi zilizo chini ya dashibodi.

Kipimo cha mwisho: betri volti 12.1, mota volti 10.8, hasara ya upande wa chanya 0.6, ya upande wa kurudi 0.7. Hasara hizo ni kubwa kidogo kuliko mtu angetarajia baada ya kutengeneza, lakini sasa mota inavuta umeme mwingi zaidi, na swichi ni za miaka mingi. Kioo kilipanda hadi juu kwa mkono mmoja wa swichi, yoyote kati ya mbili.

Mambo matatu yasiyosubiri

Fyuzi ya vioo ikiungua, iwekwe ya ampea zile zile zilizoandikwa juu yake. Ikiungua tena, kuna waya unaogusa bodi, mara nyingi ndani ya mpira huo huo. Kuweka fyuzi kubwa, au kufunga uzi wa shaba mahali pake, ni kuuomba waya uliomo chini ya zulia uwe fyuzi. Magari huungua hivyo.

Mtambo unaobeba kioo, ambao mafundi huuita regulata, una meno na mikono ya chuma inayofunga kama mkasi. Kioo kifungwe kwa tepu pana juu ya mlango kabla mota haijafunguliwa, na vidole visiwe humo mtu mwingine akiwa karibu na swichi. Baadhi ya regulata zina springi kali inayoruka mota ikitolewa. Na ikiwa mota inasikika ikizunguka lakini kioo hakiendi, basi umeme hauna kesi. Tazama kebo au meno ya regulata.

La tatu ni watoto. Kioo cha umeme kina nguvu ya kutosha kumkaba mtoto aliyetoa kichwa nje. Ufunguo usiachwe ndani ya gari pamoja na mtoto, na kitufe cha kufunga vioo vya abiria kijaribiwe baada ya kila kazi ya mlangoni. Magari yenye kioo kinachopanda chenyewe kwa mguso mmoja huweza kusahau mpaka wake betri ikitolewa, na kinga ya kurudi nyuma kikigusa kitu ikakoma kufanya kazi. Katika mengi yao hurejeshwa kwa kupandisha kioo hadi mwisho na kuishikilia swichi kwa sekunde chache. Maelezo kamili yako katika kitabu cha gari husika.

Kabla ya kuondoka, mzee aliulizwa ile mota ya kwanza ilikwenda wapi. Ilikuwa nyuma ya gari, ndani ya mfuko, chini ya gurudumu la akiba. Wanafunzi waliiweka mezani, wakaipa umeme wa betri kupitia fyuzi. Ikazunguka upande mmoja, wakageuza nyaya, ikazunguka upande wa pili. Mzee akairudisha kwenye mfuko wake, akabandua turubai mlangoni, akaenda kupanga foleni ya abiria.